Mwaka Niliomfuta Uso Bikira Maria

Mama Filo tulimzika Alhamisi, na kabla udongo haujatukauka viatuni, watu walikuwa wameshaanza kumzulia. Nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi wa kanisa kule Richmond Hill, sahani ya sambusa mapajani, nikimsikiliza mpwa wake aliyepewa kipaza sauti aeleze maisha ya marehemu. Alisema Mama Filo hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Nikauma sambusa. Alisema alikuwa mpishi wa kupigiwa mfano, na hilo ni kweli. Kisha akafika kwenye picha ya Bikira Maria, ile ya ubao iliyopambwa kwa vipande vya ganda la chaza, ambayo familia yao imerithishana tangu enzi za mababu wa Goa, akatangaza kwa sauti ya kutetemeka kwamba kwa miaka mia tatu picha hiyo haijaguswa na mkono wa mtu. Sambusa ilinipalia. Mzee aliyekaa karibu nami akanigonga mgongoni kwa huruma, akidhani ni majonzi.

Mkono wa mtu! Picha ile imeguswa na mikono mingi kuliko kitasa cha mlango wa sakristia, na mkono mmoja kati ya hiyo ni huu ninaoandikia. Lakini wakati ule, mbele ya waliofiwa, sikuwa na moyo wa kusimama niseme, ingawa ruhusa nilikuwa nimeshaipata. Mama Filo mwenyewe alikuwa ameniwekea mpaka, mimi Restituta, mmoja wa watu wawili tu nje ya ukoo wao waliojua: “Nikishazikwa sema utakavyo, Resti. Lakini nikiwa juu ya ardhi, funga mdomo wako.” Nimeufunga kwa miaka thelathini na kitu. Pale mlangoni mwa ukumbi, tukiwa tunavaa makoti, nilimwambia mwanawe Oswald kwamba nina nia ya kuandika. Alinijibu kwa Kiingereza, kama alivyomjibu mama yake maisha yake yote, kwamba niandike tu, kwa kuwa mama yake aliniambia mimi mengi kuliko alivyomwambia yeye. Basi naandika. Nimechoka kusikia uongo mtamu juu ya mwanamke ambaye ukweli wake ulikuwa mtamu zaidi, ingawa mwaka ule nilipokuwa nikiishi naye sikuuona utamu wowote. Niliona uchovu mtupu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Toronto nilikuwa na majuma matatu tu. Nilikotoka na walionizaa si hoja hapa. Chumba nilichopangishwa kilikuwa kwenye fleti ya Mama Filo, ghorofa ya kumi na moja, Flemingdon Park, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa na tabia ya kusimama ghorofa ya tisa hata kama hakuna aliyeiita. Chumba changu kilitosha kitanda, meza na mimi, na ukuta wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua Mama Filo anapogeuka kitandani. Yeye alikuwa mjane wa miaka sitini, Mgoa wa Tanga, mfupi, mwenye mikono minene na Kiswahili kilichonifanya nione aibu kwa Kiswahili changu cha bara. Alinisahihisha siku ya kwanza kabla hata sijaweka sanduku chini. Nilisema “naomba maji.” Akasema, “Maji ya nini? Ya kunywa, ya kunawa, ya kuoga? Sema mwanangu, sema sentensi nzima.”

Sebule yake ilikuwa tanuri. Chuma cha joto kilichokuwa chini ya dirisha hakikuwa na kitufe cha kukipunguza. Kilitema moto tangu Oktoba mpaka Mei, utake usitake. Na juu ya chuma hicho hicho, mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingetundika hata kalenda, ndipo Mama Filo alipokuwa ametundika picha, kisha chini yake akaweka mishumaa miwili. Ilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati la vyombo. Bikira Maria amembeba Mtoto, amevaa joho la buluu, na pembeni kuna fremu ya maua na ndege. Joho, maua, na mbawa za wale ndege vilikuwa vimetengenezwa kwa vipande vyembamba vya ganda la chaza vilivyogandishwa kwenye ubao, kisha vikapakwa rangi nyepesi sana ili mng'ao upenye. Ukiingia sebuleni asubuhi joho lilikuwa la kijani. Ukipita ukienda jikoni lilikuwa la zambarau. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile kikiwa kimetundikwa vibaya namna ile. Uso tu ndio haukung'aa. Ulikuwa mpana, wa rangi ya kahawia, nyusi zimekaribiana, midomo imebanwa. Akina mama wa Kigoa waliokuja kusali rozari kila Ijumaa waliuita uso huo Huzuni ya Mama, na mmoja wao, aliyetokea Kampala, hakuweza kuutazama bila kutafuta leso.

Asubuhi yangu ya pili nikiwa nakunywa chai nilisikia tik. Kipande cha ganda, kama ukucha wa mtoto, kilikuwa kimeanguka sakafuni. Mama Filo akatoka jikoni bila haraka, akalowesha kidole gumba kwa mate, akakiokota na kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga.

“Anapukutika,” akasema. “Tangu tuingie nchi hii anapukutika. Baridi ya huku haimpendi.”

“Si baridi, Mama Filo, ni joto. Ubao unakauka unajikunja, ganda halijikunji, ndiyo maana linabanduka. Tukiihamishia ukuta ule wa pale—”

“Wewe umesoma vitabu. Mimi nimekaa naye miaka arobaini. Ni baridi.”

Na nilikuwa kweli nimesoma vitabu. Kazi iliyonileta Toronto ilikuwa hiyo hiyo, kujifunza kutengeneza picha za zamani, katika karakana moja ya Parkdale iliyokuwa juu ya duka la kufulia nguo. Kila asubuhi nilipanda basi mpaka Eglinton, nikaingia treni ya chini ya ardhi, nikamalizia kwa tramu, nikafika nimeganda, nikavaa aproni na kushinda nikifundishwa kwamba vitu vya kale havitakiwi kukaa karibu na joto, moshi wala watu. Jioni nilirudi kwa Mama Filo na chuma chake na mishumaa yake. Nilipogundua kwamba baadhi ya vipande vilivyoanguka huwa anavirudisha mwenyewe kwa gundi ya viatu, nilikwenda kulala bila kula. Nilipogundua kwamba kila Kwaresima huusugua ubao wote kwa ndimu, nilimwambia waziwazi kwamba ndimu hula ganda la chaza kama inavyokula chokaa. Akanitazama kama niliyetukana. “Mama yangu alitumia ndimu,” akasema, “na mama yake alitumia ndimu, na Bikira Maria yupo.” Ungemjibu nini mtu wa namna hiyo? Hata leo nikisimama mbele ya wanafunzi wangu kueleza mambo ya unyevu na joto, namwona pale nyuma kabisa ya darasa, mikono kifuani, haamini hata neno moja.

Aprili ikaja habari kwamba kamati ya Wagoa wa parokia inataka picha ibebwe kwenye maandamano ya mwezi wa rozari, Oktoba. Oswald alikuwa daktari wa meno na mwenyekiti wa kamati, akazungumzia wataalamu na makumbusho. Mama Filo akamkatiza: “Mtaalamu yumo humu ndani, analipa kodi na kumaliza maji ya moto. Resti atamtengeneza.” Siku tatu nilimbembeleza bosi wangu, Bwana Laszlo, mzee wa Kihungari mwenye mgongo uliopinda na kanuni moja aliyoirudia kama sala: hatuongezi, hatufichi, tunaandika kila tulichofanya. Mwishowe akakubali kuiona tu. Oswald akatupeleka kwa gari, picha ikiwa imefungwa kwa kanga mbili na godoro la mtoto, Mama Filo kiti cha nyuma ameipakata kama mgonjwa, akimwambia mwanawe kwenye kila taa ya barabarani apunguze mwendo.

Bwana Laszlo aliilaza mezani, akavaa miwani yake ya kukuzia, akapita juu ya joho inchi kwa inchi bila kusema neno. Nilidhani amevutiwa. Baadaye akanyanyua kichwa, akauliza kwa upole, “Kwa nini Bikira ana kifungo cha shati?” Nikatazama. Katikati ya joho la buluu, miongoni mwa maganda ya karne zilizopita, palikuwa na kifungo cha matundu manne, matundu yamezibwa kwa nta na kupakwa rangi. Mama Filo hakuona haya hata kidogo. “Kile kipande kilipotea tukihama. Kifungo nacho si ganda la chaza? Basi.” Halafu Bwana Laszlo akafanya kosa la kusema kwamba kazi ya aina hii, kwa macho yake, haikutoka Goa, ilitoka Meksiko, enzi za wakoloni wa Kihispania, na pengine ilifika Goa kwa meli za biashara. Mzozo huo ulidumu mpaka kiangazi, na wote wawili waliupitishia kwangu. Asubuhi Mama Filo: “Mwambie mzee wako Mama Maria hajawahi kufika Meksiko.” Mchana Bwana Laszlo: “Mwulize bibi yako ndege gani wa Goa mwenye mkia kama huu.” Nikawa posta isiyolipwa.

Hata hivyo Bwana Laszlo aliniachia niifanye, na kazi ilikuwa nzuri, na naikumbuka kwa mikono. Miezi mitano niliinama juu ya meza ile nikichovya brashi kwenye gundi ya samaki iliyopashwa moto, nikipenyeza tone moja chini ya kila ganda lililolegea, nikilibana kwa kifuko cha mchanga, nikisubiri. Vipande vya kwenye kopo la maziwa vilikuwa zaidi ya sitini, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake pamoja tu. Siku nilipoweza kurudisha viwili nilijiona mshindi. Harufu ya sabuni ilipanda kutoka dukani chini, tramu ilipita ikitikisa dirisha, na joho likarudi kidogo kidogo. Ilipofika Septemba lilikuwa limekamilika, na nilikuwa na kiburi cha kutosha kuangusha jengo.

Kiburi hicho ndicho kilichonipeleka usoni. Kwa muda mrefu nilikuwa nimeona kwamba rangi ya uso ni nyingine. Ilikuwa nzito, inateleza, kama rangi ya kuandikia mabango ya maduka, na haikuwa na nyufa ndogo zilizojaa kwingine kote. Maana yake kulikuwa na uso mwingine chini. Jumamosi moja, Bwana Laszlo hayupo, nilizungusha pamba kwenye kijiti, nikaichovya kwenye dawa, nikajaribu sehemu ndogo ya kidevu, kama punje ya mchele. Kahawia ikatoka, chini ikatokea rangi ya waridi, nyembamba, yenye nyufa. Ningesimama hapo. Ningemngojea Bwana Laszlo, ningemwuliza mwenye picha. Sikumwuliza mtu. Nilibadilisha pamba, nikaendelea, na ilipofika jioni kidevu chote kilikuwa kimefunguka, na mdomo, na shavu la kulia mpaka chini ya jicho. Ile midomo iliyobanwa ilikuwa imetoweka. Chini yake kulikuwa na mdomo mdogo unaotabasamu. Nilimpigia Mama Filo simu palepale, nikacheka kama mwehu. “Jumatatu uje! Uje uone nilichompata!”

Alikuja na koti lake la kwendea kanisani. Bwana Laszlo alikuwa ameshaona nilichofanya na ameshanifokea asubuhi hiyo, kwa Kiingereza na kwa Kihungari, lakini nilijiambia kwamba mwenye picha akishafurahi, hata yeye atapoa. Mama Filo akasogea mezani. Akatazama. Juu, macho yaleyale mazito na nyusi zilizokunjwa. Chini, tabasamu la mtu mwingine kabisa. Hakulia, hakupiga kelele, na Mama Filo kutopiga kelele kilikuwa kitu nisichowahi kukiona.

“Nani kakutuma umguse usoni?” akauliza.

“Mama Filo, ule haukuwa uso wake. Kuna mtu alimpaka juu. Huyu ndiye mwenyewe.”

“Nimekuuliza nani kakutuma.”

Nikaanza kukusanya pamba mezani. Akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi, akaenda kupanda tramu peke yake.

Siku kumi na moja hakunisemesha. Mtu asiyewahi kuishi kwenye fleti ya vyumba viwili na mwanamke wa Tanga aliyenuna hajui kununiwa. Chakula alipika kama kawaida, akaniwekea mezani na kukifunika kwa sahani, lakini bila chumvi. Samaki wa kupaka bila chumvi. Mchuzi wa dengu bila chumvi. Kidude cha chumvi alikihamishia chumbani kwake. Ijumaa akina mama walipokuja kusali, walisali mbele ya ukuta mtupu wenye alama ya mstatili, na yule wa Kampala akaniuliza mbele ya wote Huzuni ya Mama inarudi lini. Mama Filo akaitikia kwa kuanza Salamu Maria kwa sauti kubwa. Nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyokuwa nimetubu, nakiri. Nilijiambia mimi ndiye mkweli humu ndani, mimi ndiye niliyemtoa Bikira Maria kwenye rangi ya mabango, na hawa wanalilia rangi ya mabango.

Siku ya kumi na moja, nikiwa chumbani, nilimsikia kupitia ukuta akizungumza kwenye simu. Upande wa pili alikuwa Oswald, nilijua kwa sababu aliongea Kiswahili taratibu na kwa kukatakata, kama anayemlisha mtoto.

“Sikusema umfukuze Resti. Nani kasema afukuzwe? … Hapana. Hapana, Oswald, usimpeleke Bikira kwa mwingine, hakuna wa kumrudishia uso ule. … Kwa sababu aliyempaka ni baba yako!”

Kisha simu ikawekwa.

Nilikaa kitandani mpaka miguu ikafa ganzi. Nikatoka. Alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, mgongo umenigeukia.

“Mama Filo,” nikasema, “nimesikia. Ukuta ule hauna siri. Nipige basi, au nifukuze, lakini usiendelee kunilisha bila chumvi. Niambie nilifuta nini.”

Akazima jiko. Akavuta kiti akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaonekana hajui aanzie wapi.

“Tanga,” akasema, “mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, masika yalitoboa paa. Maji yakamshuka usoni usiku kucha. Asubuhi uso wote umeingia utando mweupe kama maziwa, tukadhani rangi imekufa, inaonekana pua na ncha ya kidevu tu. Na sikukuu bado siku tano, Padri anamtaka kanisani. Kaitan wangu alikuwa akiandika mabango ya maduka, rangi anazo. Akasema atampaka mwenyewe. Lakini hakuwa na wa kumtazama. Uso hautoki kichwani hivihivi. Basi akanikalisha mimi dirishani.”

Nilimtazama. Nyusi zilizokaribiana. Midomo iliyobanwa. Miezi tisa nilikuwa nimeishi kati ya nyuso mbili zilizo sawasawa, mimi mwenye macho ya kitaalamu, na sikuwahi kuona.

“Ni wewe,” nikasema.

“Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina mimba ya Oswald, ananikataza kusogea siku tatu.” Akajifuta mikono kwenye kanga. “Wanasema huzuni. Huzuni gani? Nilikuwa na kiungulia.”

Nilijizuia kadiri ya uwezo wangu, lakini kicheko kilinitoka puani, na yeye alipokisikia akacheka pia, huku akinipiga begani kwa mwiko. Kisha akaacha ghafla.

“Usicheke. Sikukuu ile Tanga nzima ilipiga magoti mbele yangu. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa akinisalimu, alinipigia magoti. Nilitaka kusema, Kaitan akasema ukisema wataitupa. Nikanyamaza mwaka mmoja, miwili, mwisho hapakuwa tena na mahali pa kusemea. Miaka arobaini nasali rozari mbele ya sura yangu mwenyewe, Resti. Unafikiri ni kitu chepesi? Kila nikinyanyua macho ninajiona nimenuna. Mara ngapi nimetaka aondolewe. Na mara ngapi nimeiwashia mshumaa, si kwa ajili ya Mama wa Mungu, Mungu anisamehe, ni kwa sababu mkono wa Kaitan umo mle. Sina kitu kingine alichokipaka. Mabango yote yamekwisha liwa na jua.”

“Mama Filo, ningejua—”

“Ungeuliza.”

Neno hilo moja halijaacha kunifuata. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, nimesimama mbele ya picha za watu wenye vyeo, na kila mara kabla sijachovya pamba namsikia. Ungeuliza. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, na linaniudhi mpaka leo kwamba nilijifunza kwa kuharibu.

Nilimwambia ninaweza kuupaka upya mdomo ule, nifuatishe picha za zamani. Akakataa kwa mkono. “Utakuwa mkono wako. Ninautaka wa nini?” Akawasha tena jiko. “Nitakuja Jumatano. Utamalizia kumfuta nikiwepo.”

Jumatano alikuja karakana na kikapu cha bibinka, ile keki yao ya nazi ya tabaka tabaka, akamkatia Bwana Laszlo kipande kabla hajamsalimu, akavuta kigoda mpaka kiwiko changu kikawa kinamgusa kila nikisogea. Sijawahi kufanya kazi katika hali ngumu namna ile. “Polepole.” “Hapo umeruka.” “Pamba hiyo imechafuka, chukua nyingine.” Na katikati ya amri hizo akawa ananisimulia. Paji la uso lilipokuwa linatoka, akaniambia Kaitan alipiga mluzi akipaka na majirani wakalalamika. Shavu la kushoto lilipotoka, akasema hapo Kaitan alitaka kuliongeza nyama kwa sababu alimwona mkewe amekonda, na yeye Filo akakataa. Pamba zenye rangi ya kahawia zilijaa kwenye kibati, akazitazama, akakigeuzia kibati upande wa pili. Jicho la kulia likafunguka, jipya, jembamba, linatazama chini kwa Mtoto. Nikachukua pamba nyingine nikalielekea la kushoto. Akanishika kifundo cha mkono.

“Hilo liache.”

“Mama Filo, haliwezi kubaki moja.”

“Alilikosea mara tatu. Kila akilikosea anainuka, ananibusu kwenye kope, anasema, litulie basi Filo, litulie. Liache.”

Bwana Laszlo alikuwa amesimama nyuma yetu, bibinka mkononi. Nilimweleza kwa Kiingereza. Akasema haiwezekani, ama yote ama hakuna, yeye hajawahi kutoa kazi nusu kwenye karakana yake tangu aifungue. Alisema na mengine. Mama Filo alimwacha amalize, kisha akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha shule ya masista: “Bwana, jicho hilo ni langu.” Akavua miwani yake, akamgeuzia mzee uso. Bwana Laszlo akamtazama, akainama juu ya picha, akanyanyuka akamtazama tena. Kope la kushoto la Mama Filo lilikuwa limelegea kidogo sana, kama la mtu anayekaribia kusinzia, na lile lililopakwa Tanga lilikuwa limelegea vivyo hivyo. Mzee akaweka sahani chini, akaenda kunawa mikono. Nilimsikia akinawa kwa muda mrefu.

Maandamano yalikuwa Jumapili, kwenye manyunyu ya baridi, wanaume wanne wameibeba picha ndani ya karatasi ya nailoni, Oswald mbele na mwavuli usiomfunika mtu. Joho liliwaka kijani na zambarau kwenye mvua ile mpaka watoto wakanyamaza. Watu wengi walisema imesafishwa vizuri. Yule mama wa Kampala alitazama kwa muda, akaniambia amekosa huzuni yake, na sidhani kama aliwahi kunisamehe. Padri alisifu sana jicho la kushoto, akasema mchoraji wa kale alijua Bikira anatutazama sisi na Mwanawe kwa wakati mmoja. Mama Filo alikuwa pembeni yangu. Alikohoa kwenye leso.

Jumatatu iliyofuata nilibaki na karatasi tu. Kila kazi ikiisha, karakana hujaza ripoti ya kuwekwa kwenye faili, ili yeyote atakayeifungua picha ile miaka mia ijayo ajue nani alifanya nini na kwa nini. Nilijaza ukurasa wa maganda, ukurasa wa gundi, hata kifungo cha shati nilikiandika, kwa sababu tulikiacha. Nikafika usoni. Nikaandika: jicho la kushoto, rangi ya baadaye, haikuondolewa. Chini yake palikuwa na neno moja lililochapwa, Sababu, na mstari mtupu. Nilikaa mbele ya mstari ule mpaka chai ikapoa. Kila nilichofikiria kilikuwa uongo, au kilikuwa siri ya mtu. Mwishowe nikaandika, kwa ombi la mwenye picha, nikampelekea Bwana Laszlo aweke sahihi. Aliisoma yote, polepole, kama kawaida yake. Akachukua kalamu, nikajua anaikataa. Akakata neno la mwisho kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jingine juu yake kwa mwandiko wake mdogo, akaweka sahihi, akanirudishia. Ilisomeka: kwa ombi la mwenye uso.